Je, Wajua? Mlezi Naye Hulelewa

Je, wajua kwamba watu wengi wenye ulemavu husema maisha yao ni mazuri, na kwamba wasioamini ni sisi tunaowatazama kwa nje? Mwaka 1999 watafiti wawili, Gary Albrecht wa Chicago na Patrick Devlieger wa Ubelgiji, walichapisha mahojiano waliyofanya na watu 153 wenye ulemavu wa wastani au mzito. Asilimia 54.3 walijibu kwamba maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Walioridhika walizungumzia amani ya nafsi na watu wanaoelewana nao. Wasioridhika walizungumzia maumivu, uchovu, na kushindwa kutimiza wajibu wao katika jamii. Uzito wa kilema peke yake haukutosha kueleza nani yuko upande gani.

Devlieger alikuwa ameanzia karibu na sisi. Miaka ya 1980 alikaa na Wasongye wa Kasai, Zaire ya wakati huo, na akaona kwamba mtoto anapozaliwa na kilema wazee hawaishii kwenye mguu au mkono. Wanauliza kuna nini kati ya wanafamilia, na mahari, na mababu. Majibu yao yanaweza kumuumiza mama asiye na kosa, na hilo silitetei. Lakini walishajua kwamba ulemavu ni jambo la nyumba nzima.

Je, wajua kwamba ile kauli ya "familia za Afrika huwaficha walemavu wao" ilishachunguzwa na kupatikana na kasoro? Benedicte Ingstad, mwanaanthropolojia wa Norway, alikwenda Botswana, akaingia nyumba kwa nyumba. Katika ofisi za serikali na za mashirika ya misaada alikuwa akiambiwa kwamba watu wanawafungia watoto ndani kwa aibu. Nyumbani alikuta familia nyingi zinazolea kwa nguvu zote zilizo nazo. Aliyekutwa peke yake chumbani, mara nyingi alikuwa hapo kwa sababu mama yuko shambani na hakuna wa kumwachia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kauli hiyo ingali hai, na kila inaposemwa hadharani inamtwisha mama lawama badala ya kumpa msaada.

Mwaka 1995 Ingstad na Susan Reynolds Whyte walihariri kitabu kizima juu ya ulemavu na utamaduni. Humo Aud Talle anaeleza Wamasai wa Kenya, ambao kwao mtoto ni mtoto: mwenye kilema hulishwa, huvishwa na hutazamiwa kuoa au kuolewa kama ndugu zake.

Sasa tuje Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Je, wajua kwamba mwambao huu, kutoka Rumonge kushuka hadi mpaka wa Tanzania, ulipoteza sehemu kubwa ya watu wake mwaka 1972? Walivuka kuingia Tanzania wakikimbia mauaji, wakaishia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Kuanzia 2008 zaidi ya 50,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao walirudi Burundi. Wengi walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine, na waliokosa pa kwenda walijengewa vijiji vya amani. Habari za ardhi zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni ujirani uliobaki Katumba. Mama aliyemzaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kambini alikuwa na shangazi wa kumshikia mtoto akienda kisimani, na jirani aliyejua namna ya kumlisha asipaliwe. Alipopanda lori kurudi, hao wote hawakupanda naye. Msaada wa familia hauhamishiki pamoja na magodoro, na sioni mpango wa kurudisha wakimbizi unaoweza kuitwa kamili kama haukuuliza: nyumba hii ina nani wa kulelewa, na nani atamsaidia mlezi?

Je, wajua kwamba huko Kilifi, pwani ya Kenya, swali hilo lilipatiwa jibu moja linalofanya kazi? Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walisaidia walezi wa watoto wenye ulemavu kuunda vikundi vyao wenyewe. Hawakuletewa kliniki. Walikutana, wakaweka akiba, wakaanza miradi midogo, wakaelezana habari za watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yanaonyesha kwamba walezi walijiona na uwezo zaidi, walipata watu wa kuwategemea, na uzito wa ulemavu ndani ya familia ulipungua. Watoto walikuwa wale wale. Kwa watu wa Rumonge na Nyanza-Lac, ambao wamezoea vikundi vya kuweka na kukopa, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Na wanaobeba mzigo huu wa kulea ni akina nani? Nchini Uganda, utafiti ulioongozwa na Sally Hartley na kuchapishwa 2005 ulikuta kazi ya kila siku iko mikononi mwa akina mama na akina bibi. Baba wengi walikuwa pembeni.

Baba, hili linakuhusu. Je, wajua kwamba mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani uliopinda, na kwamba mguu huo hunyooshwa bila upasuaji mkubwa? Njia hiyo ilibuniwa na daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuisambaza. Mguu huvutwa taratibu na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila wiki, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo mwishoni. Hapo mguu umenyooka. Kisha mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu hadi atimize miaka minne hivi. Daktari amefanya wiki chache, familia inafanya miaka. Mguu ukirudi kupinda, sababu kubwa ni viatu kuachwa mapema: mtoto alilia, bibi akamhurumia, au baba akasema mguu si umeshapona. Kwa hiyo anayepaswa kuelezwa kwa makini kule kliniki ni kila mtu atakayelala nyumba moja na mtoto huyo.

Kufika kliniki nako ni kazi. Kituo cha taifa cha Burundi cha viungo bandia na mazoezi ya viungo kiko Gitega. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Gitega iko kwenye mita 1,500: ni kupanda milima siku nzima, nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, na siku za kazi zilizopotea shambani. Nauli hiyo ya pili husahauliwa na wengi wanaopanga bajeti za afya.

Ulemavu mwingine huzuilika jikoni. Je, wajua kwamba chupa ya mawese mekundu ya Rumonge ina kinga ya upofu? Rangi ile inatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ukosefu wa vitamini hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kupofuka duniani. Ila mawese yakiunguzwa mpaka yapauke, karotini nayo huharibika. Mpikie mtoto yakiwa mekundu. Na chumvi iwe yenye madini joto, kwa kuwa ukosefu wake tumboni mwa mama hudhuru ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Je, wajua kwamba Kenya ilihesabu asilimia 2.2 ya watu wenye ulemavu katika sensa ya 2019, wakati Uganda katika sensa ya 2014 ilipata zaidi ya asilimia 12? Zote mbili ziliuliza juu ya shida kama za kuona, kusikia, kutembea na kukumbuka. Kenya ilimhesabu mwenye shida kubwa. Uganda ilimhesabu hata mwenye shida kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya kila sita duniani, yaani watu bilioni 1.3.

Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, wanaume wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha mizigo kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu. Goma na Gisenyi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, vivyo hivyo. Whyte na Herbert Muyinda waliandika juu ya watu wa Busia, na kinachonigusa katika habari hiyo ni kwamba chombo kilichotolewa kama msaada kwa mtu mmoja kiliishia kulisha nyumba nzima. Huyo aliyedhaniwa ni wa kulelewa ndiye mlezi.

Je, wajua kwamba hata furaha ya familia ina kipimo? Ann na Rud Turnbull walikuwa maprofesa Kansas, Marekani, na wazazi wa Jay, kijana mwenye ulemavu wa akili. Kituo walichokianzisha 1988 kilitengeneza maswali 25 yanayohusu familia nzima: mnaelewanaje, mnaleaje, mna raha moyoni, mna mahitaji, mnapata msaada gani kwa ajili ya mwenye ulemavu. Kabla ya hapo vipimo vingi vilimhusu mgonjwa peke yake, na mama aliyeacha kulala usiku hakuwa na mstari wa kuandikwa.

Ziwa Tanganyika lilipofurika 2021 na tena 2024, maji yaliingia majumbani mwambaoni. Asiyeweza kukimbia aliokolewa na mikono ya nani, kama si ya watu wa nyumbani mwake na majirani?

Na je, wajua kwamba haya yote yana sheria? Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na Januari 10, 2018 ikapata sheria yake yenyewe. Kifungu cha 28 cha mkataba huo kinaitaka serikali kuzisaidia familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu kwa mafunzo, ushauri, fedha, na huduma ya kumpumzisha mlezi. Kwa hiyo bibi wa Kabonga, huko Nyanza-Lac, anayeamka kila usiku kumgeuza mjukuu wake kitandani ana haki ya kwenda ofisi ya komini na kuuliza: pumziko langu limeandikwa ukurasa gani wa bajeti ya mwaka huu?