Usisubiri kichwa kiume ndipo upime presha

JIRANI yangu hapa Gudele, mama aliyekuwa akileta vitunguu na nyanya kutoka Elegu, aliamka alfajiri moja mdomo umepinda upande. Alijaribu kuniita, "Mwalimu", lakini neno likatoka limevunjika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kabisa. Wapo waliosema ni malaria imepanda kichwani, wapo walionong'ona kwamba amerogwa kwa ajili ya biashara. Mpaka tukapata gari na kumfikisha hospitalini, jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Kilikuwa kiharusi. Presha yake ilikuwa juu mno, na tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho huko ukimbizini hakuwahi kupimwa tena.

Nami nikaenda kujipima, zaidi kwa woga kuliko kwa busara. Nilikuwa na miaka 43, sina maumivu ya kichwa, nafundisha vipindi sita kwa siku. Mashine ikaonyesha 168 kwa 104. Nikasema imeharibika. Muuguzi akanipumzisha, akapima tena, akaniambia nirudi siku nyingine. Ikawa vile vile. Kwa mtu mzima, 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti ni presha, uumwe usiumwe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu duniani hawajui kama wanao. Damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, mishipa hukakamaa, na siku moja mmoja huziba au hupasuka.

Niliingia Kakuma mwaka 1992 nikiwa mtoto, na huko ndiko nilikosomea. Mgao ulikuwa mahindi, maharage, mafuta kidogo na chumvi ya kupimwa. Kila mahali tulikwenda kwa miguu. Niliporudi Juba mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani wa 2005, nilianza kula kama mtu anayelipwa deni. Chai ya sukari vijiko vinne, kwani kwetu mgeni akipewa chai isiyo tamu huona amedharauliwa. Mchuzi wenye chumvi, kisha Maggi mbili juu yake, kisha samaki wa chumvi. Hata kwenda dukani hapo karibu nilipanda boda. Naamini wengi tuliorudi tumepita njia hiyo hiyo.

WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya Maggi, mkate na samaki. Nyumbani kwangu tuliondoa kikopo cha chumvi mezani, na samaki tunamloweka usiku kucha na kumwaga maji yake. Vita vilikuwa wiki mbili za kwanza, watoto wakilalamika chakula hakina ladha. Sasa ndio wanaosema cha hotelini kina chumvi nyingi. Mboga ya majani na karanga zilizosagwa, chakula cha mama zetu, haina lawama. Lawama ni tunavyoimwagia mafuta na chumvi. Kutembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunatosha kuanzia. Anayevuta sigara akiacha, ndani ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua karibu nusu. Na shisha isikudanganye, maji hayasafishi moshi wake.

Kwa ndugu zangu wa Nimule na Kaya nina neno moja zaidi. Ukiandikiwa dawa za presha, zikae mfukoni mwako, zisipande lori pamoja na mzigo. Lori likizuiliwa mpakani siku tatu, nawe umekosa dozi siku tatu. Usiache kumeza kwa kuwa umepata nafuu: nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Wala usimeze za jirani.

Ukimwona mtu uso umepinda, mkono hauinuki au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitali saa ile ile. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini, kwa maana kama mshipa umepasuka utazidisha kuvuja kwa damu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya ubongo. Sisi tulipoteza siku nzima tukibishana juu ya uchawi.

Jirani yangu sasa anauza vitunguu barazani kwake, akihesabu pesa kwa mkono wa kushoto. Elegu anakwenda binti yake. Mimi nakunywa kidonge kila asubuhi, na napima kila Jumamosi. Nikipita kwake natokea kliniki, huniuliza polepole, akilitafuta kila neno: "Mwalimu, leo ngapi?" Jumamosi iliyopita ilikuwa 132 kwa 84.