Fahamu: Nani achague shabaha katika michezo ya vita vya baharini?

Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya kompyuta ya vita vya baharini kuna hitilafu ya rai: je, mchezaji aliyekabidhiwa cheo cha amirali apewe idhini ya kuichagulia kila manowari shabaha yake, kama uruhusuvyo mchezo wa Ultimate Admiral: Dreadnoughts, au jambo hilo waachiwe manahodha?

Historia ina ushahidi wake. Tarehe 31 Mei 1916, katika mapigano ya Jutland, Amirali Beatty wa Uingereza, mwenye manowari 6 za aina ya “battlecruiser” dhidi ya 5 za Wajerumani za aina hiyo, aliamuru 2 za mbele ziipige ya kwanza ya adui, na kila moja ya zilizosalia iikabili iliyo sambamba nayo. Lakini manowari ya Kiingereza Queen Mary ikairuka Derfflinger ya Wajerumani, ambayo kwa takriban dakika 10 ilifyatua mizinga yake pasipo kupigwa.

Mchezo umruhusuo mchezaji kulisahihisha kosa kama hilo papo hapo humpa mamlaka ambayo Beatty hakuwa nayo. Walakini mchezo umnyimao kauli yoyote humfanya mtazamaji tu. Insafu, kwa rai yangu, ni mchezaji atoe amri ya jumla, kisha amri hiyo, kama ilivyokuwa kwa hakika, iweze kuchelewa au kufahamika visivyo.