Mfunge Ngamia Kwanza
Matokeo ya mtihani yatokapo, vijana wetu wengi husema, "Ndivyo nilivyoandikiwa," au, "Mwalimu hanipendi." Tusiwakemee. Tuketi nao tuwaulize: saa za kudurusu ulizipangaje? Simu uliizima saa ngapi? Mtu mmoja alipomuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali, aliagizwa amfunge, kisha atawakali. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, wala si kisingizio cha uvivu. Hata hivyo, tusiwatwike vijana yasiyo yao: karo iliyokosekana na maradhi si makosa ya mtoto. Wazazi wenzetu, tuwafunze kupambanua kamba iliyo mkononi mwao na yale yaliyo kwa Mola wao.