Unaunganisha mifumo ya ghorofa Kariakoo? Usianze na Python au Java, anza na vifaa

Umeme ukikatika saa nane mchana Kariakoo, jenereta zinaanza kunguruma kuanzia Msimbazi hadi Gerezani. Lakini ndani ya ghorofa nyingi kila kifaa kinaishi kivyake. Jenereta haijui tenki la juu lina maji kiasi gani, na pampu haijui kama dizeli imebaki robo. Anayejua ni mlinzi, kwa sababu ndiye anayepanda ngazi kuchungulia tenki, kisha anashuka kupima dizeli kwa kijiti.

Sasa mwenye jengo anamwita kijana wa IT. Anataka aone vyote kwenye simu yake: umeme, maji, mafuta na viyoyozi. Kijana anarudi nyumbani na swali moja kichwani: nitumie lugha gani ya programu?

Swali ni zuri, ila limekuja mapema.

Kwanza, vifaa vinaongea nini?

Kabla ya kufungua kompyuta, zunguka jengo na daftari. Andika kila kifaa, modeli yake, na njia yake ya kuwasiliana. Mara nyingi utakutana na makundi matatu.

La kwanza ni Modbus. Ilitoka mwaka 1979 kwa kampuni ya Modicon ya Marekani, na mpaka leo utaikuta kwenye mita za umeme, paneli za jenereta na vidhibiti vya pampu. Kawaida inapita kwenye jozi ya nyaya tu.

La pili ni BACnet. Hii ilitungwa mahsusi kwa ajili ya majengo na chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE. Kazi ilianza 1987, kiwango kikatoka 1995. Utaikuta zaidi kwenye mifumo mikubwa ya viyoyozi.

La tatu ni vifaa vya kizamani visivyoongea chochote. Vina swichi tu: imewaka au imezima. Hapo utahitaji sensa na kifaa kidogo cha kusoma hiyo swichi.

Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia lugha. Lugha isiyo na maktaba nzuri za Modbus na BACnet itakufanya uandike upya vitu ambavyo wenzako walishaviandika miaka mingi iliyopita.

Sasa tuje kwenye lugha

*Python:* Ina pymodbus kwa Modbus na BACpypes kwa BACnet, zote ni programu huria. Inasomeka kirahisi, na vijana wengi wanaifahamu. Wanaosema ni ya taratibu hawajakosea, ila hapa haikuumizi. Waya wa Modbus wa biti 9,600 kwa sekunde unapitisha takriban baiti 900 tu kwa sekunde. Yaani lugha yoyote utakayochagua itakaa kuusubiri waya.

*Java:* Ndiyo lugha iliyojenga Niagara ya kampuni ya Tridium, jukwaa kubwa la kuunganisha mifumo ya majengo duniani. Inafaa jengo kubwa lenye vifaa vya kampuni nyingi. Tatizo ni leseni: muulize bosi kama yuko tayari kulipa kabla hujamwonyesha picha nzuri.

*JavaScript kupitia Node-RED:* Unaunganisha vijisanduku kwenye skrini badala ya kuandika mistari mingi. IBM ndio walioianzisha, 2013. Ni nzuri kwa kuanza haraka, ila vijisanduku vikizidi mia moja, kutafuta kosa inakuwa kazi.

*C:* Iache kwa vifaa vidogo kabisa vinavyosoma sensa. Kosa dogo la kumbukumbu linaweza kuzimisha kila kitu.

Kwa ghorofa la kawaida la Kariakoo, lenye maduka chini na stoo juu, Python inatosha.

Programu iishi wapi?

Usiiweke kwenye seva ya nje peke yake. Intaneti ikikatika, jengo linakuwa kipofu. Weka kompyuta ndogo ya Linux humohumo ndani, ifanye kazi hata bando likiisha. Nje utume ripoti tu.

Kwa kutuma, tumia MQTT. Ilibuniwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo data ilikuwa ghali. Ndiyo maana haili bando sana.

Tahadhari moja: kompyuta ndogo inayotumia memori kadi haipendi umeme wa ghafla. Umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika. Weka UPS ndogo, na tumia diski ya SSD badala ya kadi.

Mahali ambapo programu yako haipaswi kugusa

Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao. Hakuna anayefanya kazi eneo hili asiyeikumbuka.

Kwa hiyo hapa hakuna majaribio. King'ora cha moto, pampu ya zimamoto na lifti vina vidhibiti vyao vyenyewe, na lazima vifanye kazi hata programu yako ikiwa imekufa. Wewe soma taarifa tu, utume ujumbe. Usiipe programu uwezo wa kuvizima.

Pia Modbus na BACnet za kawaida haziulizi nywila. Anayefika kwenye mtandao wako anaweza kuamuru. Usifungue lango 502 la Modbus wala 47808 la BACnet kwenye intaneti. Pitia VPN.

Swali la mwisho: nani atatengeneza?

Jengo litasimama miaka mingi. Wewe unaweza kupata kazi Dodoma mwezi ujao. Saa tisa usiku pampu ikigoma, nani ataelewa ulichoandika?

Chagua lugha ambayo fundi mwingine wa Dar anaweza kuisoma. Mwachie mwenye jengo nakala ya programu, mchoro wa nyaya na nywila zote kwenye bahasha.

Halafu anza kidogo: soma tenki la maji na dizeli tu, kwa wiki mbili, huku mlinzi akiendelea kupima kwa kijiti. Namba zake zikilingana na zako, ongeza kifaa kingine. Zisipolingana, kiamini kijiti kwanza, kisha katafute kosa lako.