Kirusi Kisichobeba Ufunguo
Mwenye duka Nizwa au ofisi Ibra, nchini Oman, akikuta faili zake zimefungwa na kirusi kinachodai fedha, hukimbilia kutafuta fundi wa kuzifungua. Mwaka 1989 angempata. Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kutafiti nyani Afrika Mashariki, alishtakiwa kwa kusambaza kwa posta diski zipatazo 20,000 za habari za UKIMWI. Programu iliyofichwa humo ilivuruga majina ya faili, kisha ikadai dola 189 zipelekwe Panama. Lakini ufunguo uliofunga ndio uliofungua, nao ulikuwa ndani ya programu yenyewe, wataalamu wakauchomoa.

Mwaka 1996 Adam Young na Moti Yung walionyesha kwamba bahati ile haitadumu. Usimbaji wa funguo mbili, ambao pia hulinda miamala ya benki, una ufunguo wa hadhara unaofunga tu, na wa siri unaofungua. Kirusi hubeba ule wa hadhara peke yake, kama kufuli ambalo yeyote aweza kulibana ila mwenyewe tu ndiye mwenye ufunguo. Kichambueni mpaka herufi ya mwisho, hamtaukuta.

Atasema mtu: mbona kirusi cha WannaCry, kilichofunga faili na kudai fedha Mei 2017, baadhi ya faili zake zilifunguliwa? Kweli, kwenye baadhi ya kompyuta ambazo hazikuwa zimezimwa, kwa kuwa Windows iliacha mabaki ya hesabu kwenye kumbukumbu. Hilo lilikuwa kosa la utekelezaji. Hesabu yenyewe haikuvunjwa. Na anayedhani Ibra ni ndogo mno kulengwa akumbuke kwamba WannaCry hakikuchagua mji: kilijisambaza chenyewe kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba Machi. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya shambulio: kusasisha mashine, na kuweka nakala ya faili kwenye diski iliyochomolewa mtandaoni.

Ujasusi kwa kutumia virusi ni mgumu zaidi kuukabili, na Sur, jirani ya kiwanda cha gesi cha Qalhat, haina anasa ya kuupuuza. Gauss, kirusi kilichotangazwa Agosti 2012 na kuonekana zaidi Lebanon, kilikuwa na sehemu iliyosimbwa kwa ufunguo unaotokana na mpangilio wa kompyuta iliyolengwa, kwingineko haifunguki. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iliwaomba wanahisabati wa dunia nzima msaada. Hapa nakala ya akiba haisaidii, maana faili hazikupotea, zimesomwa.