Mjane wa Paris aliyewatetea wanawake kwa kalamu

CHRISTINE de Pizan alikuwa na umri wa miaka 25 mumewe alipofariki kwa maradhi ya ghafla, akiwa safarini na mfalme wa Ufaransa. Étienne du Castel alikuwa katibu katika ofisi ya mfalme, mtu mwenye kipato kizuri. Lakini hakuwahi kumweleza mkewe habari za fedha zake: nani anamdai, yeye anamdai nani. Baadaye Christine aliandika kwamba hiyo ndiyo desturi ya waume wengi, na kwamba inawaponza wajane.

Alibaki na watoto watatu na mama yake mzazi, wote wakimtegemea yeye. Wadai wakajitokeza. Kuna wakati alikuwa na kesi katika mahakama nne za Paris kwa mpigo, akisubiri kwenye baridi kali huku wanaume wakimkodolea macho. Mashauri hayo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Fedha za wanawe alikabidhiwa mfanyabiashara aliyesifika kwa uaminifu, azizungushe. Mwanzoni zilizaa faida nzuri. Kisha mtu huyo akadai ameibiwa, akatoweka. Aliyewahi kutoa mzigo kwa mali kauli ng'ambo ya mpaka hahitaji kusimuliwa zaidi.

Mtaji uliobaki ulikuwa elimu. Christine alizaliwa Venice mwaka 1364, akahamia Paris akiwa mtoto kwa sababu baba yake alikuwa tabibu na mnajimu wa Mfalme Charles wa Tano. Baba alifurahi kumwona anasoma; mama alitaka ashike kazi ya kusokota uzi. Sasa mjane huyo akaanza kutunga mashairi na kupeleka nakala kwa wakuu, nao wakamtuza. Enzi hizo vitabu viliandikwa kwa mkono, na yeye mwenyewe alisimamia waandishi na wachoraji wa vitabu vyake.

Mwaka 1401 akaingia kwenye ugomvi mkubwa. Wasomi wa Paris walikuwa wakilisifu shairi refu la mapenzi ambalo Jean de Meun alilimalizia zaidi ya miaka 100 kabla, lililojaa kejeli kwa wanawake: kwamba ni wadanganyifu na hawatunzi siri. Christine akawajibu kwa barua. Kama wanawake ni wepesi wa kudanganywa kiasi hicho, aliuliza, mbona vitabu vinafundisha wanaume hila nyingi namna hiyo za kuwapata? Makatibu wa mfalme walimkejeli. Hakunyamaza, alikusanya barua za pande zote mbili na kumpelekea malkia, mambo yakawa hadharani.

Mwaka 1405 akakamilisha kitabu cha mji uliojengwa kwa ajili ya wanawake, ambao kila jiwe la ukuta wake ni mwanamke mmoja: malkia, msomi, mtakatifu, mvumbuzi. Hoja yake iliyo nzito zaidi ni rahisi: wasichana wangepelekwa shule kama wavulana, wangeelewa elimu zote vilevile.

Lakini kinachowahusu zaidi watu wa sokoni ni kitabu kilichofuata mara moja, ambacho wengi hawakitaji. Hapo haongei na malkia peke yao. Mke wa bwana mkubwa aelewe mapato na matumizi ya mashamba na haki zake kisheria, kwa maana mume huwa safarini au vitani. Mke wa fundi aijue kazi ya karakana vizuri, aweze kusimamia vibarua mume asipokuwepo. Ni shauri la mtu aliyelipia kutojua.

Wala hakuwapamba wanawake. Anamsimulia mke wa mfanyabiashara wa Paris aliyejifungua katika chumba chenye mapambo ya kushinda ya malkia. Mumewe, anasema Christine, hakuwa hata kama wale wa Venice au Genoa wenye mawakala ng'ambo. Alikuwa muuzaji wa rejareja. Habari zikafika kwa malkia, na watu wa ikulu wakaanza kusema kwamba matajiri wa namna hiyo wangefaa kuongezewa kodi.

Vita vilipoingia Paris mwaka 1418 alikimbilia kwenye nyumba ya watawa. Mwaka 1429, baada ya kimya kirefu, alitunga tena: shairi la kumsifu Jeanne d'Arc, msichana wa kijijini aliyekuwa akiongoza majeshi ya Ufaransa. Jeanne alikuwa bado hai.