Mzee Mwenye Maradhi ya Miguu na Safari ya Ulaya

Zamani mtu wa Kitura akisema aenda mbali, alikusudia Songea, au ashuke Mbamba Bay apande meli ya kuvuka Ziwa Nyasa. Leo watoto wetu wametawanyika. Mmoja yuko Ujerumani, wa pili Uholanzi, wa tatu ameoa Ufaransa, na wote huwapigia wazazi simu wakisema, "Njooni mtutazame." Ni jambo jema, kwani kuzuru jamaa ni katika kuunga udugu. Lakini wengi wa wazazi hao wamekwisha kuzeeka, magoti yawauma, na wengine hawaendi ila kwa mkongojo. Basi twaona yafaa tuseme nao, na zaidi tuseme na vijana wanaowatengenezea safari, kwa kuwa kosa kubwa hutoka kwa vijana.

Kosa lenyewe ni kuhesabu nchi kabla ya kuhesabu hatua. Kijana hutazama ramani, akaona Amsterdam na Paris zimekaribiana, akapanga miji sita kwa siku kumi. Hafikiri kwamba kila mji mpya ni ngazi mpya, kitanda kipya na choo kipya. Mzee aliyelima ngoro milimani maisha yake yote hana moyo dhaifu. Atasema "naweza" mpaka aanguke. Kwa hiyo msimwulize kama aweza. Mpimeni: aenda hatua ngapi kabla ya kupumzika? Apanda vidato vingapi? Hesabu hiyo ndiyo ipange safari, na ikisema nchi mbili, ziwe mbili.

Nchi 29 za Ulaya zimepatana katika mapatano ya Schengen, na viza moja yatosha kuzitembelea, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Huombwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, kwa nchi atakayoingia kwanza. Uingereza haimo. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala lisicheleweshwe mpaka zibaki siku chini ya 15. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, na masharti yake yasomwe vizuri juu ya maradhi ambayo msafiri anayo tangu nyumbani.

Jambo wanalolisahau wengi ni alama za vidole. Mwombaji hana budi kwenda kuzitoa mwenyewe, na kwa watu wa kwetu hiyo ni Dar es Salaam. Maana yake mzee wa Kitura ataifuata njia hiyo mara mbili: kwanza barabara ya milimani mpaka Mbinga, kisha Songea, na kutoka Songea karibu kilomita 1,000. Aliyezitoa ndani ya miezi 59 iliyopita kwa kawaida haitwi tena. Sisi twadhani mwendo huu wa nchini ndio utakaomchosha kuliko Ulaya yenyewe. Basi avunje safari, alale Songea, alale Iringa. Au uwezo ukiruhusu apande ndege Songea.

Sasa twafika penye neno zito, nalo ni haya. Wazee wengi hukataa kusukumwa katika kiti cha magurudumu, wakaona ni kudhalilishwa mbele ya watu. Twamjua mmoja aliyekataa hata kusemewa. Alitembea kwa miguu kutoka ndege moja mpaka nyingine katika uwanja mkubwa ajabu, akafika kwa wanawe miguu imevimba, na juma zima la kwanza akalilala. Bibi Umm Salama alipokuwa mgonjwa, Mtume s.a.w. alimruhusu kutufu Al-Kaaba hali amepanda mnyama. Ikiwa katika ibada ile kubwa hapakuwa na haya, uwanja wa ndege una nini?

Tena msaada huo si sadaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 yaviamuru viwanja vya nchi zake kumsaidia asiyeweza kwenda, bila malipo. Lakini kampuni ya ndege iarifiwe angalau saa 48 kabla. Mwenye kukata tiketi ataje moja ya alama tatu: WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS kwa asiyeweza ngazi, WCHC kwa asiyeweza kutembea kabisa, hata ndani ya ndege. Alama ikikosewa, mzee ataletewa kiti mpaka chini ya ngazi, kisha aambiwe apande.

Kwa garimoshi taarifa ni saa 24 kabla, maana mara nyingi mlango wake uko juu ya ukingo wa stesheni. Treni za chini ya ardhi za Paris zilianza mwaka 1900, na stesheni zake nyingi ni ngazi tupu. Njia ya 14 ndiyo iliyojengwa kwa kufikiri watu hawa. Afadhali basi, lina ubao wa kupandishia kiti. Venice ina madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya vidato. Mwenye magoti mabovu aitazame akiwa katika mashua.

Mwisho, watoto wapime upana wa mlango wa choo huko watakakomlaza, na wapime kiti chake, kabla hajatoka Kitura. Dawa zake awe nazo mkononi katika ndege, pamoja na barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza.